Mtoto kalegea ghafla baada ya mafua: mwongozo kamili kwa mzazi, kuanzia saa ya kwanza mpaka mazoezi ya nyumbani

Naanza moja kwa moja maana najua kuna mtu anasoma hapa mtoto akiwa kitandani. Kama mtoto wako jana alikuwa anakimbia na leo mkono hauinuki, au mguu anauburuta, au shingo haikai, hiyo ni dharura ya leo leo. Sio ya kesho asubuhi, sio ya "ngoja tumwangalie kwanza". Na kama pamoja na kulegea sauti imebadilika, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza, au anapumua kwa shida, acha kusoma, mbebe uende nae hospitali sasa hivi, haya mengine utayasoma mkiwa njiani au kwenye foleni.

Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo kwa watoto, kwahiyo hawa watoto nawapata mwishoni, wakishatoka kwenye hatari. Na kinachoniuma kila mara ni hadithi ya siku mbili za mwanzo. Mama anakwambia nilidhani anadeka, baba anasema nilimgombeza kwanini anashika kikombe na mkono wa kushoto, bibi alidhani kalalia mkono. Hakuna mwenye kosa hapo, huu ugonjwa unajificha vizuri sana kwa mtoto mdogo ambaye hajui kusema "mkono wangu hauna nguvu", yeye anaacha tu kuutumia. Ndo maana nimeamua kuandika yote, hatua kwa hatua, hata kama yatakuwa marefu.

Kwanza, hiki ni kitu gani

Enterovirusi ni ukoo mzima wa virusi, sio kirusi kimoja. Polio imo humo. Virusi vinavyoleta ile homa ya mikono, miguu na mdomo, yale malengelenge ya viganjani na vidonda vya mdomoni, navyo vimo humo. Na vingine vingi tu vinavyoleta mafua, kikohozi, kuharisha, homa ya siku mbili alafu basi imeisha. Watoto karibu wote wanapata enterovirusi moja au nyingine na wanapona bila hata mzazi kujua jina lake, kwahiyo usianze kuogopa kila kamasi.

Shida ni kwamba mara chache sana, kirusi kinatoka puani au tumboni kinaingia kwenye uti wa mgongo, nazungumzia ile kamba ya neva inayopita ndani ya mgongo, na kinashambulia seli za upande wa mbele wa kamba hiyo. Hizo seli ndo zinapeleka amri kwenye misuli. Zikivimba au zikifa, ubongo unatuma amri vizuri, msuli wenyewe ni mzima, ila amri haifiki. Ukielewa hapo utaelewa kila kitu kingine: kiungo kinakuwa laini kama kitambaa badala ya kukakamaa, mara nyingi ni upande mmoja kuliko mwingine kwa sababu kirusi hakishambulii sawasawa, na mtoto bado anahisi ukimgusa, maana seli za kuhisi ziko sehemu nyingine. Unaweza kumtekenya mguu akacheka au akalia uache, na mguu usisogee. Mzazi akiona mtoto anahisi anajipa moyo kwamba sio kupooza. Hapana, hiyo ndo sura yake hasa.

Vya kuvijua kwa jina ni vitatu. Polio ndo ya zamani, karibu maambukizi 1 kati ya 200 yanaishia kwenye kupooza kusikopona, na katika hao waliopooza asilimia 5 mpaka 10 wanafariki pale misuli ya kupumua inapogoma. Wa pili ni enterovirusi A71, huyu anakuja na homa ya mikono, miguu na mdomo, na akiwa mkali anapiga shina la ubongo, mwaka 1998 kule Taiwan mlipuko wake uliua watu 78, wengi sana watoto wadogo. Wa tatu ni enterovirusi D68, alitambuliwa California mwaka 1962 akakaa kimya miaka mingi, mpaka 2014 akalipuka Marekani, watoto wakajaa hospitali kwa kikohozi na kifua kubana, alafu nyuma yake wakaanza kuja watoto waliolegea mikono. Mwaka huo walithibitishwa wagonjwa 120 wa kupooza kwa aina hii, 2016 wakawa 153, 2018 wakafika 238. Madaktari wanakuita AFM, kuvimba kwa uti wa mgongo kunakoleta kulegea kwa ghafla. Wengi wao ni watoto, umri wa kati ni kama miaka 5, na zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa na mafua au homa kabla ya kulegea.

Hiyo ya mwisho ishike. Mafua kwanza, mtoto anaanza kupata nafuu, alafu baada ya siku kadhaa, mara nyingi ndani ya wiki, ndo kulegea kunakuja. Saa zingine homa inarudi upya pamoja na maumivu ya shingo, mgongo au mkono. Mtoto aliyepona mafua akarudi kulalamika shingo inauma na anaushikilia mkono mmoja, huyo mwangalie kwa macho mawili.

Hatua ya 1: mpime mwenyewe nyumbani, dakika tano tu

Usimuulize "mkono una nguvu?" maana atakujibu ndio. Mchezeshe. Unachotafuta ni tofauti kati ya kulia na kushoto, na tofauti kati ya leo na juzi.

Mtoto anayejua kufuata maelekezo mwambie anyooshe mikono yote juu ya kichwa kama anataka kushika dari. Kwenye AFM mabega ndo huumia zaidi, kwahiyo utakuta vidole vinacheza vizuri na anashika kalamu lakini bega haliinuki, anautupa mkono kwa kuinamisha mwili mzima. Mpe kitu anachokipenda, kiweke juu upande wa kulia, alafu upande wa kushoto, uone anatumia mkono upi kila mara. Mwambie akubane vidole viwili, mkono huu alafu huu. Atembee kwa vidole vya miguu, alafu kwa visigino. Akae chini sakafuni ainuke bila kushika kitu, akianza kujipandia mapaja kwa mikono ndo asimame basi misuli ya nyonga imechoka. Aruke kwa mguu mmoja kama umri unaruhusu.

Mtoto mchanga mlaze chali bila nguo, mwangalie tu. Miguu yote inapiga mateke? Mikono yote inakuja mbele? Mshike mikono umvute taratibu akae, kama kawaida yake shingo inafuata na leo kichwa kinabaki nyuma, hiyo ni dalili.

Usoni nako usisahau: acheke, afumbe macho kwa nguvu, apulize mashavu, atoe ulimi. Mdomo kwenda upande, jicho lisilofunga, kope kushuka, kuongea kwa pua, kupaliwa akinywa, hizo maana yake neva za kichwani zimeguswa, na zile za kumeza zikiguswa basi kupumua nako kuko karibu kuguswa.

Sasa jinsi ya kutofautisha na maumivu tu. Mtoto mwenye mfupa uliovunjika au usaha kwenye nyonga anakataa usimguse, ukimsogeza kidogo analia na misuli inakaza. Mtoto aliyepooza, ukiinua mkono wake taratibu ukauachia juu ya godoro unaanguka wenyewe kama sio wake. Lakini nisieleweke vibaya, wapo wenye vyote viwili, maumivu na kulegea, na usaha kwenye nyonga nao ni dharura, kwahiyo kipimo hiki sio cha kukufanya ubaki nyumbani. Ni cha kukupa maneno sahihi ya kumwambia daktari.

Hatua ya 2: rekodi

Chukua simu umpige video akifanya hayo niliyosema, mikono yote juu, kutembea, kutabasamu. Video ya saa 4 asubuhi na ya saa 10 jioni zikionyesha tofauti, daktari ataelewa ndani ya sekunde kumi kitu ambacho ungemweleza nusu saa. Alafu andika, kwenye karatasi au kwenye simu, haya: mafua au homa vilianza siku gani, kulegea kulionekana siku gani na saa ngapi na kulianza kiungo kipi, homa ilikuwepo siku mguu ulipolegea au ilishaisha, kaanguka?, kachomwa sindano yoyote ndani ya mwezi mmoja na kwenye kiungo gani, ametumia dawa gani, kuna mwingine nyumbani mwenye mafua au malengelenge, mmesafiri wapi, choo na mkojo vinatoka?

Swali la sindano watu wanalipuuza na ni la msingi. Sindano ya kwenye tako ikipita vibaya inaweza kujeruhi neva kubwa ya mguu na mguu ukalegea ndani ya saa chache, na hiyo ni habari tofauti kabisa na virusi. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyepewa asali, sema pia, kuna sumu ya bakteria inayoweza kumlegeza kuanzia usoni kushuka chini.

Beba kadi ya chanjo. Hata kama haijakamilika beba hivyo hivyo, usione aibu, daktari anahitaji ukweli kuliko anavyohitaji kadi nzuri.

Hatua ya 3: kuondoka, na vitu vya kutofanya kabla ya kuondoka

Usimkande wala kumvuta kiungo. Usimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea, bega lisiloshikiliwa na misuli linachomoka kirahisi sana, mbebe kwa kumshika kiwiliwili na mkono uufungie kifuani kwa kitenge au shali ukae umetulia. Usimpitishe kwenye duka la dawa achomwe "sindano ya mishipa" au ya homa, msuli usichomwe chomwe wakati virusi viko mwilini, kwa polio inajulikana kabisa kwamba sindano za kwenye msuli wakati wa maambukizi zinaweza kuuchochea ule mguu uliochomwa upooze. Aspirini mtoto mwenye maambukizi ya virusi hapewi. Dawa za kutuliza uvimbe za jamii ya steroidi zilizobaki nyumbani, zile za pumu au za ngozi, usimpe kwa kukisia, nitaeleza kwanini mbele.

Kama anapaliwa au mate yanachuruzika usimpe chochote mdomoni, hata maji. Mlaze kwa ubavu, kichwa kimeinama kidogo mate yatoke nje yasiingie kwenye mapafu.

Nenda hospitali yenye wodi ya watoto, na kama una uchaguzi, yenye chumba cha wagonjwa mahututi. Kituo kidogo kama ndo kilicho karibu nenda hapo hapo waanze kumwangalia na wapange rufaa, usipoteze saa tano barabarani na mtoto anayepumua vibaya.

Hatua ya 4: sentensi ya kwanza mapokezi

Hapa naomba unielewe vizuri. Ukifika ukasema "mtoto anaumwa, ana homa na mwili unauma" utapangwa kwenye foleni ya homa. Sema hivi: "Mtoto wangu alikuwa mzima, wiki iliyopita alipata mafua, leo asubuhi mkono wa kulia umelegea ghafla hauinuki." Maneno mafua, ghafla, umelegea, na siku. Hayo yanafungua mlango mwingine kabisa, kwa sababu kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla anatakiwa kuripotiwa kama mshukiwa wa polio mpaka ithibitike vingine, huo ni utaratibu wa Shirika la Afya Duniani unaotumika nchi nyingi sana, unaitwa ufuatiliaji wa AFP, kifupi cha Kiingereza cha kulegea kwa ghafla kwa sababu yoyote ile, usichanganye na AFM. Hautegemei kama daktari anaamini ni polio au la.

Ukiambiwa "ni uchovu tu, mrudishe baada ya siku tatu", uliza kwa heshima lakini usiondoke: dokta, umempima nguvu ya mkono huu na huu? umempiga kinyundo cha goti? mnaripoti kama AFP? Kwenye kupooza kwa aina hii ule mruko wa mguu ukigongwa goti unapungua au unapotea kwenye kiungo kilicholegea, ni kipimo cha nusu dakika, hakihitaji umeme wala maabara.

Hatua ya 5: kupumua, hii iko juu ya vipimo vyote

Kushindwa kupumua ndo kunakoua, na mtoto anaokolewa hapa hapa kukigundulika mapema, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Misuli ya kupumua ikianza kuchoka mtoto hahemi kwa kishindo kama mwenye pumu. Anakuwa kimya. Sauti inakuwa ndogo, kilio kinakuwa chembamba, kikohozi hakina nguvu ya kutoa makohozi, anaongea maneno mawili anapumzika, anatoka jasho, anakosa usingizi au anasinzia hovyo. Tumbo linaweza kuingia ndani pale kifua kinapopanda, kinyume na kawaida. Mtoto mkubwa mwambie avute pumzi moja ahesabu kwa sauti mpaka atakapoishiwa, alafu rudia baada ya saa moja. Alikuwa anafika 20, sasa anafika 9, mwite nesi usisubiri raundi ya asubuhi.

Na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha asilimia ya oksijeni, jamani, kisiwadanganye. Mtoto ambaye misuli ya kupumua inachoka anaweza kuonyesha 97 vizuri tu mpaka karibu kabisa na kuzidiwa, oksijeni inashuka mwishoni. Namba nzuri sio ruhusa ya kumrudisha nyumbani usiku wa kwanza. Kulegea kunaweza kuzidi ndani ya saa chache mpaka siku chache, leo mkono mmoja, kesho mikono miwili na shingo, kwahiyo mtoto wa namna hii analazwa na anaangaliwa kila baada ya muda mfupi. Wakikwambia anahitaji mashine ya kupumulia usikatae kwa hofu kwamba akiwekwa hatoki. Mashine inashika kazi ya msuli mpaka msuli urudi, na watoto wengi wanaondolewa baadae.

Hatua ya 6: vipimo na kwanini visichelewe

Pamba ya puani na ya kooni inachukuliwa mapema iwezekanavyo, kwa sababu kirusi kama D68 kinakaa kwenye njia ya hewa na kinazidi kupotea kadri siku zinavyoenda. Kumbuka mafua yalianza kabla ya kulegea, kwahiyo siku ya kwanza ya kulegea tayari ni siku ya sita au ya saba ya kirusi.

Choo kikubwa kinachukuliwa mara mbili, sampuli mbili zilizoachana kwa saa 24 au zaidi, zote ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze, kiasi cha kidole gumba cha mtu mzima kila moja, zikae kwenye ubaridi mpaka maabara. Mara mbili kwa sababu kirusi cha polio hakitoki kwenye kila choo, leo kinatoka kesho hakitoki. Mtoto aliyepooza anaweza kufunga choo siku nyingi, kwahiyo wakumbushe, na wewe usimwage choo cha kwanza anachopata wodini. Nimeona sampuli zikikosekana kwa sababu tu mama alikuwa msafi, alisafisha haraka na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Maji ya uti wa mgongo yanatolewa kwa sindano nyembamba chini ya kiuno. Wazazi wengi wanakataa hiki kipimo wakiamini ndo kitamlemaza. Sindano inaingia chini ya pale kamba ya neva inapoishia, na kwenye AFM yale maji mara nyingi yanaonyesha seli nyeupe zimeongezeka, kitu kinachosaidia kuitofautisha na ugonjwa wa Guillain-Barré ambao kwa kawaida una protini nyingi bila seli nyingi. Huo Guillain-Barré mara nyingi unaanza miguuni pande zote mbili unapanda juu na una tiba yake, ndo maana kutofautisha ni muhimu. Ajabu ni kwamba kirusi chenyewe hakionekani mara nyingi kwenye maji hayo, majibu yakirudi hamna kirusi haimaanishi hakikuwepo.

Alafu MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ya mgongo wote na ubongo, sio ya kiuno peke yake. Inaonyesha uvimbe kwenye sehemu ya kijivu katikati ya kamba. Ndani ya saa 72 za kwanza inaweza kutoka safi, kama dalili zinaendelea irudiwe. Pale ambapo hakuna MRI msikae mnaisubiri ndo matunzo yaanze, kupumua, kumeza na kumgeuza mtoto havihitaji picha.

Hatua ya 7: matibabu, ukweli wake

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuua virusi hivi ndani ya uti wa mgongo wala kurudisha seli zilizokufa. Naandika hivi wazi ili usiuze kila kitu kufuata ahadi ya mtu. Hospitali nyingi zinatoa kingamwili za kupitia mshipa, zile zinazotengenezwa kutokana na damu ya wachangiaji wengi, na madaktari wenye uzoefu wengi wanaona ni busara kuzitoa mapema ingawa ushahidi wake haujakamilika. Steroidi ni jambo la kuamua kwa tahadhari: zinapunguza uvimbe lakini zinashusha kinga wakati kirusi bado kiko kazini, na kwenye panya walioambukizwa D68 zilizidisha hali. Antibayotiki haigusi virusi, itatolewa tu kama kuna wasiwasi wa bakteria au mapafu yameingiwa.

Kinachobadilisha maisha ya mtoto katika wiki hizi ni vitu vinavyoonekana vidogo. Kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda. Chakula kwa mpira wa puani kama hamezi salama. Kuangalia kibofu, mtoto aliyekaa muda wa saa nane bila kukojoa na tumbo la chini limejaa anahitaji msaada. Choo kilainishwe. Maumivu yatibiwe kwelikweli, ya neva yanauma vibaya na mtoto hawezi kufanya mazoezi analia. Bega lililolegea liwekwe mto chini yake, wayo usianguke ukaganda vidole vikiangalia chini. Na mtaalamu wa mazoezi aitwe ndani ya siku za kwanza akiwa bado kitandani, msisubiri ruhusa ya kwenda nyumbani.

Hatua ya 8: wengine nyumbani

Ndugu zake wanaweza kuwa na kirusi hicho hicho, na karibu wote watapata mafua tu. Lakini muwaangalie wiki mbili hivi, ile michezo ya kuinua mikono fanyeni nao kila siku.

Enterovirusi hazina lile ganda la mafuta ambalo pombe inaliyeyusha, kwahiyo sanitaiza haziwezi vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, hasa baada ya chooni, baada ya kubadilisha nepi na kabla ya kula. Nyuso za meza, vitasa na midoli futa kwa maji yenye klorini, alafu suuza kile kinachoingia mdomoni. Kwenye choo virusi vinaweza kuendelea kutoka wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwahiyo usafi wa nepi usilegee mtoto akichangamka. Mwenye pumu ahakikishiwe dawa yake ya kuvuta ipo, D68 inabana kifua cha wenye pumu vibaya.

Kuhusu chanjo: ya polio ipo na inafanya kazi, kamilisha dozi zote, kama mtoto karukwa apewe zile alizokosa. Ya A71 iliidhinishwa China mwaka 2015 na inalinda dhidi ya A71 peke yake. Ya D68 haipo bado. Chanjo ya polio haizuii D68, kwahiyo mtoto mwenye kadi kamili akilegea usijiambie haiwezekani.

Hatua ya 9: mnarudi nyumbani, na hapa ndo kazi inaanza

Kulegea kunafika kilele ndani ya siku chache, kunatulia, alafu kunaanza kurudi polepole kwa miezi mpaka miaka. Wengi wanapata nafuu ya kuonekana, wengi pia wanabaki na udhaifu fulani, hasa bega na mkono wa juu. Mkono wa chini na vidole mara nyingi vinarudi kabla ya bega. Sipendi wazazi wanaoambiwa "atapona kabisa" wala wanaoambiwa "ndo basi", yote mawili yanafanya waache mazoezi.

Kila asubuhi na jioni, mlaze, chukua kiungo kimoja kimoja, kipeleke mpaka mwisho wa mwendo wake taratibu bila kulazimisha, mara kumi, kifundo, goti, nyonga, bega, kiwiko, mkono, vidole. Bega shika kwa mikono miwili, mmoja chini ya kwapa. Lengo ni viungo visigande wakati neva zinatafuta njia. Baada ya hapo mazoezi ya nguvu, na hayo yawe mchezo: mlaze ubavu mkono uteleze mezani kusukuma gari, kwa sababu msuli dhaifu usioweza kuinua mkono dhidi ya uzito unaweza kuuteleza. Maji ya uvuguvugu yanafanya kazi hiyo hiyo. Fanya kidogo kidogo mara nyingi, akichoka acha. Msuli ukichoshwa mpaka ukatetemeka kesho yake anakuwa dhaifu zaidi.

Mkono wenye nguvu utataka kufanya kila kitu. Tengeneza michezo inayohitaji yote miwili.

Kama kuna msuli ambao hausogei hata kidogo, kati ya mwezi wa tatu na wa sita tangu kulegea ombeni mpasuaji wa neva amwone. Kuna upasuaji wa kuhamisha tawi la neva yenye afya kulipeleka kwenye msuli usiopata amri, lakini msuli uliokaa bila neva muda mrefu unageuka mafuta na hapo neva mpya haina cha kushika. Miadi ya "mrudi baada ya mwaka" kwa mtoto wa namna hii imechelewa.

Mtoto anakua, kumbuka, na mguu dhaifu unakua polepole kuliko mwenzake. Pima urefu wa miguu na angalia mgongo akiinama mbele, kila baada ya miezi michache, mpaka atakapomaliza kurefuka. Splinti, kile kifaa cha kushikilia kiungo kikae sawa, na kiatu cha kushika kifundo vikibana vibadilishwe, usimvalishe cha mwaka jana.

Nae ataanza kuogopa. Kila mafua atauliza kama mguu utalala tena. Mjibu ukweli kwamba kurudia ni nadra sana, na umpime mbele yake, mikono juu, vidole, visigino, aone mwenyewe kwamba inafanya kazi.

Siku ya 60 tangu kulegea, mtu wa ufuatiliaji wa AFP anaweza kuja au kuwaita kumpima tena aone kama udhaifu umebaki, hata kama majibu ya polio yalishatoka hamna. Mkihama au kubadilisha namba ya simu waambieni kabla, alafu siku hiyo mpeleke na ile video ya siku ya kwanza.